Usinunue Kasi Usiyoihitaji: Mbinu za Kupunguza Gharama ya Kuchaji Gari la Umeme Uingereza

Ndugu zetu wengi wanaoishi Uingereza walinunua au kukodi gari la umeme kwa sababu moja kubwa: kuokoa fedha za petroli. Mwenye nyumba yenye maegesho yake anaziokoa kweli. Jioni anachomeka waya, asubuhi anaamkia betri iliyojaa. Lakini dereva wa teksi anayekaa fleti ya ghorofa ya nne Barking hana pa kuchomeka waya huo. Hana pia pa kuuchomeka mama anayezunguka Leicester kuhudumia wazee majumbani mwao, kisha usiku anaegesha barabarani. Hawa wanategemea chaja za umma, na bei ya chaja hizo imepanda hadi wengine wanalipa zaidi kwa kila maili kuliko jirani mwenye gari la petroli.

Makala haya ni kwa ajili yao. Kwenye chaja ya umma hununui umeme peke yake. Unanunua pia kasi, saa na mahali, na kasi ndiyo ghali kuliko vyote. Anayejua ni lini anaihitaji kasi na ni lini haihitaji anaweza kupunguza matumizi yake kwa mamia ya pauni kwa mwaka, hata kama hana maegesho yake mwenyewe.

Anza na bei ya maili moja

Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya mbinu yoyote, jua maili moja inakugharimu kiasi gani. Bei ya chaja hutajwa kwa kilowati-saa, yaani uniti, ileile tunayonunua kule nyumbani Afrika Mashariki kwa LUKU au kwa tokeni. Gari la kawaida la umeme huenda maili 3 hadi 4 kwa uniti moja, na wastani wa gari lako utauona kwenye dashibodi. Chukua bei ya uniti, igawanye kwa wastani huo, na jibu ndilo gharama yako kwa maili.

Tuchukue gari linalokwenda maili 3.5 kwa uniti, na bei zilizokuwapo mwaka 2025:

- Nyumbani usiku, kwa mkataba maalumu wa wenye magari ya umeme, peni 8 hivi kwa uniti: peni 2.3 kwa maili.
- Nyumbani kwa bei ya kawaida, peni 26 hivi: peni 7.4 kwa maili.
- Chaja ya umma ya taratibu, wastani wa peni 54 hivi: peni 15.4 kwa maili.
- Chaja ya umma ya haraka, wastani wa peni 76 hivi: peni 21.7 kwa maili.
- Gari la petroli linalokwenda maili 40 kwa galoni, petroli ikiwa £1.35 kwa lita: peni 15.3 kwa maili.

Kwa mwendo wa maili 10,000 kwa mwaka, anayechaji nyumbani usiku atatumia £230 hivi. Anayetegemea chaja za haraka peke yake atatumia karibu £2,170. Gari ni lilelile na umbali ni uleule. Kilichowatofautisha ni mahali pa kulala gari.

Ongeza jambo moja kwenye hesabu. Ukichaji taratibu, gari lenyewe ndilo linalobadilisha umeme wa AC kuwa wa DC ili uingie kwenye betri, na kwa kawaida sehemu ya kumi hivi hupotea kama joto. Wewe unalipia kilichotoka kwenye chaja, si kilichofika kwenye betri. Hata hivyo chaja ya taratibu inabaki nafuu kuliko ya haraka.

Kwa nini bei imepanda

Septemba 2021 uniti ya chaja ya haraka ilikuwa peni 37 hivi. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imevuka peni 63, na mwaka 2025 wastani ulikuwa peni 76. Chanzo cha kwanza ni gesi. Nchini Uingereza mara nyingi mitambo ya gesi ndiyo inayopanga bei ya umeme wote sokoni, na gesi ilipanda tangu nusu ya pili ya 2021, kisha ikapaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022. Umeme wa majumbani uliwekewa ukomo wa bei unaosimamiwa na Ofgem, msimamizi wa soko la nishati. Chaja za umma hazina ukomo huo.

Gesi ilishuka baadaye, lakini bei za chaja hazikushuka nayo, na hapo kuna sababu mbili nyingine. Moja ni tozo ya kudumu ya kuunganishwa na gridi. Mfumo wa kulipia nyaya za taifa ulibadilishwa ili sehemu kubwa ya gharama itozwe kama kiwango cha kudumu, na vituo vyenye chaja kubwa vikajikuta vinalipa fedha nyingi hata siku ambayo hakuna gari lililokuja. Ya pili ni kodi. Umeme wa nyumbani hutozwa VAT ya asilimia 5, wa chaja za umma umekuwa ukitozwa asilimia 20. Kwa bei ya peni 76, tofauti hiyo ni kama peni 9 na nusu kwa kila uniti, na anayeibeba ni yule asiye na maegesho, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo. Hilo ni jambo la kuudhi, na nitalirudia mwishoni.

Mbinu ya 1: Chaji mahali gari linaposimama saa nyingi

Jiulize gari lako husimama wapi kwa zaidi ya saa nne mfululizo: karibu na nyumbani usiku, kazini mchana, msikitini au kanisani, kwenye mazoezi ya watoto. Hapo ndipo pa kutafuta chaja ya taratibu. Haba na haba hujaza kibaba. Chaja iliyowekwa kwenye nguzo ya taa ya barabarani, yenye kilowati 5 hivi, itakupa uniti 40 katika saa nane za usingizi, yaani maili 140. Ni wachache wanaomaliza maili hizo kwa siku.

Uingereza ilipita chaja 80,000 za umma mwaka 2025, na ramani kama Zapmap hukuonyesha zilipo, kasi yake na bei yake. Usiangalie barabara yako tu. Chaja iliyo mwendo wa dakika kumi kwa miguu inafaa sana ukiitumia usiku mmoja au miwili kwa wiki.

Kazini uliza bila haya. Mwajiri akikuruhusu kuchaji gari lako kwenye maegesho ya kazi, hata kama ni bure kabisa, umeme huo hauhesabiwi kuwa kipato cha kutozwa kodi. Wengi hawalijui hili, waajiri nao wakiwamo.

Kisha kuna jirani. Zipo programu, kwa mfano Co Charger, zinazomkutanisha mwenye chaja nyumbani na asiye nayo, wakakubaliana bei na siku. Katika jumuiya zetu tunaweza kupatana hata bila programu. Mwenye nyumba anayelipa bei ya usiku akikuuzia nafasi ya usiku mmoja kwa wiki kwa peni 25 au 30 kwa uniti, nyote wawili mmefaidika. Andikeni makubaliano, na yeye aulize kwanza kampuni yake ya bima ya nyumba.

Mbinu ya 2: Fuata saa za bei nafuu

Mitandao mingi sasa hubadilisha bei kwa saa. Jioni, kuanzia saa kumi hadi saa mbili hivi, nchi nzima inapika na kuwasha taa, na bei hupanda. Usiku wa manane na alfajiri hushuka. Vituo vya Tesla, ambavyo vingi sasa vimefunguliwa kwa magari ya kampuni nyingine, huonyesha bei ya kila saa ndani ya programu yake. Baadhi ya chaja za nguzo za taa nazo hushusha bei usiku.

Dereva wa teksi anayemaliza zamu saa sita usiku ana bahati hapa: achaji anaporudi, asichaji jioni anapotoka. Anayefanya kazi mchana anaweza kuchomeka waya jioni na kuliagiza gari, kupitia programu yake, lianze kuvuta umeme baadaye. Soma kwanza masharti ya chaja, kwa sababu nyingine huhesabu bei ya saa uliyochomeka.

Mbinu ya 3: Kwenye chaja ya haraka, ondoka ukifika asilimia 80

Zipo siku utaihitaji kasi: safari ya London hadi Glasgow, au zamu ndefu ya kazi. Itumie, lakini kwa akili. Betri hujaa kama ukumbi wa harusi: wageni wa mwanzo huketi popote, wa mwisho hutafuta kiti kimoja kimoja. Kutoka asilimia 20 hadi 80 umeme huingia kwa kasi. Baada ya hapo gari lenyewe hupunguza mkondo ili kuilinda betri, na asilimia 20 za mwisho zaweza kuchukua muda sawa na zote zilizotangulia. Wakati huo unaendelea kulipa bei ya kasi ambayo huipati tena, na nyuma yako mwenzako anasubiri.

Usijaze kwa hofu. Chukua uniti za kukufikisha kwenye chaja ya bei nafuu, kisha uondoke. Ukielekea kwa ndugu mwenye chaja nyumbani, fika kwake na betri iliyoshuka. Na wakati wa baridi, weka kituo cha kuchajia kwenye ramani ya gari lenyewe kabla ya kufika. Magari mengi ya sasa huipasha betri joto njiani, na betri yenye joto hupokea umeme haraka zaidi.

Mbinu ya 4: Linganisha njia za kulipa

Chaja moja inaweza kuwa na bei tatu: ya kadi ya benki, ya programu ya mtandao wenyewe, na ya mwanachama anayelipa ada ya mwezi. Mara nyingi kadi ya benki ndiyo ghali zaidi. Pakua programu za mitandao miwili au mitatu iliyo karibu na njia zako, na uwe na kadi moja inayokubalika kwenye mitandao mingi, kama ile ya Octopus Electroverse, kwa ajili ya safari.

Kuhusu ada ya mwezi, fanya hesabu kabla ya kujiunga. Tuseme ada ni £10 na inakupunguzia peni 20 kwa uniti. Utahitaji kununua uniti 50 ili urudishe ada yako, yaani maili 175 kwa mwezi. Dereva wa teksi atazimaliza kwa siku mbili, basi ajiunge. Anayetumia chaja ya haraka mara moja kwa mwezi asijiunge, au ajiunge mwezi wa safari kisha ajitoe. Andika tarehe ya kujitoa kwenye kalenda ya simu.

Mbinu ya 5: Jihadhari na gharama za pembeni

Ukilipa kwa kadi, benki inaweza kushikilia kiasi kikubwa kuliko ulichotumia, na tofauti ikarudi baada ya siku kadhaa. Kama akaunti yako ni ya kubana, tumia programu badala ya kadi. Baadhi ya vituo hutoza kwa dakika gari linapobaki limechomekwa baada ya kujaa au baada ya muda uliopangwa. Maegesho ya maduka nayo yana ukomo wa saa na kamera za kusoma namba za gari: unaweza kuokoa pauni tano za umeme ukaletewa barua ya faini ya makumi ya pauni. Soma kibao cha maegesho kama unavyosoma bei ya chaja.

Wala usitegemee kumbukumbu za chaja za bure. Maduka ya Tesco yalikuwa yakigawa umeme bila malipo, yakaanza kutoza Novemba 2022. Halmashauri nyingi za Scotland nazo ziliacha kuutoa bure. Ukisikia mahali bado pa bure, hakikisha kwenye ramani kabla ya kuendesha maili nyingi kwenda huko.

Mbinu ya 6: Punguza ulaji wa gari

Uniti nafuu kuliko zote ni ile usiyoinunua. Kwenye barabara kuu, kushuka kutoka maili 70 hadi 60 kwa saa hupunguza matumizi kwa kiasi utakachokiona siku hiyohiyo kwenye dashibodi. Wakati wa baridi tumia kipasha joto cha kiti na cha usukani kabla ya kuwasha hewa ya moto kwa gari zima, kwa sababu kupasha mwili kunahitaji umeme mdogo kuliko kupasha hewa yote ya ndani. Kagua upepo wa matairi kila mwezi. Ondoa ngazi, masanduku na mizigo ya juu ya paa isiyo na kazi.

Mbinu ya 7: Rudisha haki yako ya kodi

Anayetumia gari lake binafsi kwa kazi, kama mhudumu anayekwenda nyumba kwa nyumba, asiache fedha mezani. Tangu Aprili 2011 kiwango kilichokubaliwa na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kimekuwa peni 45 kwa maili kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka wa kodi, kisha peni 25. Mwajiri akikulipa chini ya hapo, unaweza kudai nafuu ya kodi kwa ile tofauti. Safari ya kutoka nyumbani hadi kituo chako cha kudumu cha kazi haihesabiwi. Safari kati ya mteja na mteja inahesabiwa.

Dereva anayejitegemea achague kati ya kiwango cha maili na gharama halisi, na asichanganye vyote viwili kwa gari moja. Programu za kuchaji hutuma risiti kwa barua pepe. Zifungulie folda moja, na Januari itakukuta umejiandaa.

Wiki moja iliyopangwa

Tuzikusanye mbinu hizi kwa mtu mmoja: mhudumu wa wazee, maili 200 kwa wiki, hana maegesho yake. Anahitaji uniti 57. Akizinunua zote kwenye chaja ya haraka kwa peni 76, atalipa £43. Sasa achaji Jumatatu na Alhamisi usiku kwenye nguzo ya taa, uniti 20 kila mara, kwa bei ya usiku tuseme peni 45. Hiyo ni £18. Zilizobaki 17 azichukue kwenye chaja ya haraka siku ya haraka, £13. Jumla ni £31. Ameokoa £12 kwa wiki, zaidi ya £600 kwa mwaka, bila kubadili gari wala kuhama nyumba. Akiongeza usiku mmoja kwa jirani mwenye chaja, atashuka zaidi.

Na kama hujanunua gari bado, fanya hesabu hii kwanza, ukitumia chaja zilizo karibu nawe na si bei za tangazo. Weka pia akilini kwamba Novemba 2025 serikali ilitangaza kodi ya peni 3 kwa kila maili kwa magari ya umeme kuanzia Aprili 2028. Ukiwa na maegesho yako lakini nyumba ni ya kupanga, ongea na mwenye nyumba kuhusu kuweka chaja, na uulize kama ruzuku ya serikali kwa wapangaji na wenye fleti inapatikana kwa jengo lenu. Ukiegesha mbele ya nyumba yako barabarani, ulizia halmashauri kuhusu mfereji mwembamba unaochimbwa kwenye njia ya waenda kwa miguu ili waya upite salama. Usitandaze waya juu ya njia bila idhini, na usiunganishe gari kwenye waya wa nyongeza wa nyumbani. Mtu anaweza kujikwaa na nyumba inaweza kuungua.

Dai unachostahili

Kanuni za chaja za umma za mwaka 2023 zinakupa haki zilizo wazi. Bei lazima itajwe kwa peni kwa uniti. Tangu Novemba 2024 chaja za haraka, pamoja na chaja mpya zenye kilowati 8 au zaidi, lazima zikubali kadi ya kugusa. Lazima kuwe na simu ya msaada ya bure saa 24, na mitandao ya chaja za haraka lazima iwe inafanya kazi kwa wastani wa asilimia 99 ya muda wa mwaka. Chaja ikikukatalia ukiwa umeshakatwa fedha, piga simu hiyo papo hapo, chukua picha ya skrini na namba ya chaja, na udai kwa maandishi.

Lakini mbinu za mtu mmoja mmoja haziwezi kuondoa dhuluma ya kodi. Februari 2024 kamati ya mazingira na tabianchi ya Bunge la Malodi ilipendekeza VAT ya chaja za umma ishushwe hadi asilimia 5, sawa na majumbani. Mwandikie mbunge wako ukitaja pendekezo hilo na risiti zako za mwezi mmoja. Iandikie na halmashauri uombe chaja ya nguzo ya taa katika mtaa wako. Halmashauri nyingi zina fomu ya maombi, na mtaa wenye majina mengi kwenye fomu hiyo husikika kuliko mtaa uliolalamika kimya. Kusanyeni majina baada ya swala au baada ya ibada, mfikishe pamoja. Asiye na maegesho anapumua hewa ileile ya jiji na anaendesha gari lilelile safi. Anastahili bei ileile.